Mbao ya Kila Mtu

Sema "milioni." Sasa sema "bilioni." Umehisi tofauti? Mimi sihisi. Najua moja ni mara 1,000 ya nyingine, lakini moyoni zote ni kitu kimoja: pesa mob.

Si ujinga, ni ubongo. Mwaka 1967, Robert Moyer na Thomas Landauer walionyesha kwamba tunachelewa zaidi kuamua ipi kubwa kati ya 8 na 9 kuliko kati ya 2 na 9. Kumbe kichwa si kikokotoo. Namba zimekaa humo kama stage za barabarani, na zilizo karibu tunazichanganya. Mwaka 2008, Stanislas Dehaene na wenzake walichapisha utafiti kuhusu Wamundurukú wa Amazon, Brazil. Walipoombwa waonyeshe kwenye mstari kila idadi inakaa wapi, toka 1 hadi 10, walizipa ndogo nafasi kubwa, zile kubwa wakazibananisha mwishoni. Hata waliosoma hufanya hivyo idadi ikiwa kubwa na hawana muda wa kuhesabu. Kuzipanga kwa nafasi sawa tunafunzwa.

Hapo ndipo swali langu linapoanza. Makanga akikunyima chenji ya mbao, gari zima litajua. Bilioni ya umma ikipotea, tunasema "hii serikali bana," tunaendelea na supper. Watu huita huo uoga, au mazoea. Mimi nadhani mbao inatuuma kwa sababu inaingia kichwani nzima nzima. Bilioni haiingii.

Basi tusilaumiwe? Kwa hisia ya kwanza, sawa, hakuna aliyejichagulia ubongo. Lakini kuishia kwenye hisia hiyo ni uamuzi. Mwizi mkubwa anautegemea: anajua sifuri tatu zaidi hazitaongeza hasira yako. Kwa hivyo kupiga hesabu polepole ni wajibu, si kazi ya wahasibu pekee.

Tuipige basi. Milioni moja ni mbao ya watu 50,000. Bilioni moja ni mbao ya watu milioni 50. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6. Yaani ni kama makanga mmoja amemnyima kila Mkenya aliyehesabiwa mwaka huo chenji yake, hadi mtoto mchanga, na bado haijatosha.

Sasa imeingia. Mbona gari limenyamaza?