Hotuba Yako Iko Wapi?

Ali Mazrui alifanya mtihani wa Cambridge mwaka 1948 akaambulia daraja la tatu. Chuo cha Makerere, Uganda, hakikumtaka. Baba yake, Sheikh Al-Amin Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya, alikuwa ameaga dunia mwaka mmoja kabla. Kijana wa miaka 15, yatima, na cheti kisichofungua mlango. Akaingia kazi ya ukarani huko Mombasa.

Sasa wewe.

Wewe uliyekaa stejini Kitengela saa tano asubuhi, mgongo ukutani, ukihesabu malori yanayopita Barabara ya Namanga. Matokeo yako ya KCSE uliyakunja ukayatia chini ya godoro, ukajikunja pamoja nayo. Ulipata D? Uliikosa C+ ya chuo kikuu kwa kidogo? Sawa. Huu ni mwaka wa ngapi unasimulia alama hiyo hiyo kwa watu wale wale?

Mazrui aliondoka kwenda Uingereza mwaka 1955. Hesabu mwenyewe: miaka saba baada ya mtihani. Na hata huko hakuingia chuo kikuu moja kwa moja. Alianzia Huddersfield, kumalizia masomo ya sekondari, akiwa mtu mzima wa miaka 22! Nawe unaona haya kurudi darasani kwa sababu una miaka 24 na mtoto mmoja?

Haya ya nini?

Lakini ngoja, tutazame kwa karibu kilichomtoa, maana hapa ndipo wengi wanapoisoma hadithi yake vibaya. Hakutolewa na mjomba mwenye cheo. Alikuwa mfanyakazi tu katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa. Siku ya Maulidi akasimama mbele ya watu akatoa hotuba juu ya Mtume. Miongoni mwa waliosikiliza alikuwa Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell. Gavana akavutiwa na yule kijana. Mambo yakaanza kufunguka hapo.

Utaniambia ni bahati.

Bahati ipi? Gavana kuja ni bahati, nakubali. Lakini kama karani yule angesimama, akajikuna kichwa, akasema hakujiandaa? Gavana angepanda gari lake akaenda zake, na leo nisingekuwa na jina la kukutajia. Maneno yale yalikuwa yamekwisha kupangwa kabla mgeni hajafika.

Mgeni wako akifika leo, hotuba yako iko wapi?

Baada ya hapo alikimbia. Manchester, shahada ya kwanza, 1960. Columbia, ya pili, 1961. Oxford, ya udaktari, 1966. Na Makerere? Makerere ile ile iliyomkataa ikamkabidhi idara ya sayansi ya siasa aiongoze, kisha kitivo kizima cha sayansi ya jamii. Hajafika arobaini!

Naye hakukalia kiti hicho kunyamaza. Mwaka 1966, Kwame Nkrumah wa Ghana akiwa bado kipenzi cha vijana wa bara zima, Mazrui aliandika katika jarida la Transition, Kampala, akimwita mfuasi wa Lenin aliyejivika ufalme. Wasomi wakapandwa na hasira. (Mimi naona alimbana mzee kupita kiasi. Lakini afadhali anayekosea kwa hoja, hadharani, kuliko anayepatia kwa kunong'ona.) Idi Amin alipotwaa Uganda mwaka 1971, wapo waliojifunza haraka kupiga makofi. Mazrui hakujifunza. Mwaka 1973 ikambidi aondoke, akaishia Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani.

Kisha 2003. Hadi wakati huo Rais wa Kenya ndiye aliyekuwa chansela wa vyuo vikuu vya umma. Rais Kibaki akaivunja desturi hiyo, na Mazrui akawa Chansela wa chuo kikuu cha JKUAT, Juja. Mtu wa daraja la tatu, amevaa joho, anawatunuku wengine shahada.

Na Juja si Marekani. Kutoka Kitengela ni matatu mbili!

Usiniambie hapa kwenu Kajiado hakuna pa kuanzia. Masai Technical iko mjini Kajiado. Umma University iko Kajiado. Africa Nazarene iko Rongai. Vyuo vimekuja mpaka kwenye malisho ya babu yako. Wewe unangoja nini, vikufuate kitandani?

Au unadhani kusema hadharani juu ya maadili ya siasa, kama Mazrui, ni kazi ya maprofesa? Aliyepokea shilingi mia mbili na pakiti ya unga siku ya kampeni, nani? Anayelalamikia basari ya wadi kila siku kwenye kibanda cha chai, na hajawahi kuiulizia mbele ya mwenye kujibu, nani? Sura ya Sita ya Katiba ya 2010 inazungumzia uongozi na uadilifu. Ni kurasa chache. Umewahi kuisoma?

Isome leo. Usiku huu, kabla ya mpira.

Kisha ngoja siku ya wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti. Unajua mambo yanavyokuwa. Wazee mbele, viti vitupu nyuma, takwimu zinasomwa mbio mbio. Halafu sauti inauliza, "Kuna swali?" Kimya. Watu wanatazama viatu vyao, wanasubiri soda.

Safari hii uwe umeisoma karatasi ya bajeti mara tatu. Uwe umepiga mstari chini ya pesa za barabara ya kwenu, ile inayogeuka tope kila Aprili. Swali lako liwe kwenye daftari, limeandikwa, limefutwa, limeandikwa tena.

Nyoosha mkono.

Kipaza sauti kinakuja, kinapitishwa mkono kwa mkono, safu ya tatu, safu ya nne, sasa yako. Simama.