Mbuzi wa Kafara Hatukanwi

Kocha anapofukuzwa, huwa amekosa nini? Simaanishi sababu zinazoandikwa kwenye taarifa ya klabu, maana hizo tunazijua kwa ghibu: pande mbili zimekubaliana, tunamshukuru kwa mchango wake, tunamtakia kila la heri. Namaanisha kosa lenyewe, lile linalotufanya sisi mashabiki tumtaje kwa hasira wiki nzima na kisha tulale usingizi mzuri akishaondoka. Sisi wa Coastal Union tumelijibu swali hili mara nyingi bila hata kuliuliza.

Naandika nikiwa Horohoro, mpakani, wilaya ya Mkinga. Ukitoka hapa kwenda mjini Tanga unaifuata lami ya kusini. Ukivuka upande wa pili uko Lunga Lunga, Kenya, na barabara inaendelea hadi Mombasa. Hapa mpira unajadiliwa na watu wanaosubiri: dereva anayesubiri mzigo wake uruhusiwe, mbadilisha fedha anayesubiri mteja, kijana wa bodaboda anayesubiri abiria. Mtu anayesubiri huwa na falsafa nyingi. Mimi nasoma falsafa chuoni, ngazi ya uzamili, na nikirudi likizo nakuta mjadala wa hapa una makali kuliko semina zetu, ila hauna mwenyekiti.

Coastal ilianzishwa mwaka 1948. Ilichukua ubingwa wa ligi mwaka 1988, na sisi tulio katika miaka ya ishirini hatukuwepo duniani. Ubingwa ule nimeurithi kama mtu anavyorithi mnazi: sikuupanda, lakini nazi zake nala. Tunaitwa Wagosi wa Kaya, wanaume wa nyumbani, na jina hilo lina ahadi ndani yake ambayo hatuitafakari. Linasema timu hii ni ya watu wa hapa. Sasa akija kumwongoza mgosi mtu asiye mgosi, tumwekeje?

Msimu wa 2023/24 ulikuwa umeshaanza, na vibaya, alipoletwa David Ouma, Mkenya, baada ya kuondoka Mwinyi Zahera. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ouma alikabidhiwa jembe mlangoni, kabla hata ya kukaribishwa maji. Akalima. Timu ikamaliza ya nne, nyuma ya Yanga, Azam na Simba, yaani nyuma ya klabu tatu ambazo bajeti zake si za kulinganisha na yetu. Kipa wetu Ley Matampi, kutoka Kongo, alimaliza msimu na mechi 15 bila kufungwa, akawapita makipa wote wa ligi, pamoja na wale wanaolindwa na mabeki wa gharama. Nafasi ya nne ikatupeleka Kombe la Shirikisho Afrika, mashindano ya bara tuliyokuwa tumekaa nayo mbali zaidi ya miaka thelathini.

Kisha ukaja Agosti 2024. Siku ya Nane Nane, nusu fainali ya Ngao ya Jamii kule Amaan, Zanzibar, Azam wakatufunga 5-2. Halafu safari ya Angola: Bravos do Maquis 3, sisi 0. Mwezi huohuo klabu ikaachana na Ouma.

Jioni ile ya Nane Nane nilikuwa kwenye kibanda umiza hapahapa Horohoro. Bao la tano lilipoingia, mtu mmoja aligeuka nyuma akamwambia utingo wa lori la Mombasa, kijana ambaye hakuwa na neno na mtu, aliyekuja tu kutazama mpira: "Kesho ukivuka, mchukue na Ouma wako." Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, lakini chai yake hakuimaliza, akatoka. Mimi sikuwa na hamu tena na mechi. Nilikuwa nawatazama waliocheka. Wengi wao ni Wadigo, na Mdigo wa Horohoro ana shangazi Lunga Lunga, ana makaburi ya babu zake pande zote mbili, na harusi zake hazijawahi kuuliza mpaka uko wapi. Mwezi wa tano, tulipokuwa tukihesabu pointi, hakuna aliyesema Ouma ni Mkenya. Alikuwa kocha wetu. Uraia wake uligunduliwa kwenye bao la tano.

Rafiki yangu mmoja, wakala wa forodha, mtu wa hesabu, hakubaliani nami. Hoja yake ni hii: kocha ndiye anayepanga kikosi, ndiye anayechagua mfumo, ndiye anayefanya mabadiliko. Timu ikishinda, sifa anazipokea, hajawahi kuzikataa hata siku moja. Basi kipigo nacho kiwe chake. Huwezi kuvuna shamba zima kisha magugu ukayaita ya jirani.

Ni hoja nzuri, na nimeizungusha kichwani kwa muda. Lakini itazame fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, Julai 2022, uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Coastal ya Juma Mgunda dhidi ya Yanga. Abdul Suleiman, Sopu, akafunga mabao matatu peke yake. Dakika 120 zikaisha 3-3, tukaenda kwenye penalti, tukapigwa 4-1. Kocha alifanya nini kati ya filimbi ya dakika ya 120 na penalti ya mwisho? Karibu hakuna. Mipango yake ilikuwa imeshaisha, nzuri au mbaya, na kombe likaamuliwa na miguu ya watu wengine na mikono ya kipa wa upande wa pili. Mtu yuleyule, kazi ileile, na kati ya kuitwa shujaa na kuitwa aliyekosa kombe pana upana wa nguzo ya goli.

Thomas Nagel, mwanafalsafa wa Marekani, aliandika juu ya jambo hili miaka ya sabini, akijibizana na Bernard Williams wa Uingereza. Mfano wake unafahamika: madereva wawili wazembe sawasawa, mmoja akakatiziwa barabara na mtoto, mwingine hakukatiziwa. Uzembe ni uleule, ila mmoja ni muuaji na mwingine amefika nyumbani salama akala chakula. Watu wa barabara hii ya Horohoro hawahitaji kuelezwa mfano huo mara mbili. Wanaujua pia ugumu wake, kwamba hatuwezi kuwatazama madereva wale wawili kwa jicho moja hata tukijua kwamba tungepaswa.

Hapo wakala wangu wa forodha akanibana. Akasema, haya, kama kipigo ni bahati, basi na nafasi ya nne ni bahati. Ni Matampi. Ni ratiba. Humlaumu Ouma, basi usimshukuru pia. Na usimshukuru yeyote, hata wale wa 1988, maana nao walikuwa na bahati yao. Alijua ananigusa pabaya.

Jibu langu, nililolipata siku kadhaa baadaye nikiwa kwenye basi, ni kwamba shukrani na lawama hazipimwi kwa mizani moja. Ili nimlaumu mtu ni lazima angeweza kufanya vingine, akajua, akaacha. Huo ni mzigo mzito wa ushahidi, na uwe mzito, maana lawama inaumiza. Shukrani haidai yote hayo. Mkunga aliyenipokea nilipozaliwa pengine alikuwa na zamu rahisi usiku ule. Mama yangu hakuwa na matatizo, mtoto alikuja mwenyewe. Mama bado anamshukuru, na hakuna anayemwambia kwamba anakosea hesabu. Inatosha kwamba heri ilipita mikononi mwake, naye alikuwepo kwa nia njema. Kwa hiyo naweza kumshukuru Ouma kwa nafasi ya nne na nisimlaumu kwa 3-0, wala sijajipinga.

Hii haina maana kwamba klabu ilikosea kumwondoa. Hapa naomba nieleweke. Klabu ina wachezaji zaidi ya ishirini wenye mikataba. Haiwezi kuwafukuza wote katikati ya Agosti. Kila msimu wakubwa wanakuja kuchuma: Bakari Mwamnyeto alikwenda Yanga mwaka 2020, Sopu akaenda Azam baada ya fainali ile ya Arusha. Fedha haiongezeki kwa kelele za jukwaani. Kitu pekee kinachoweza kubadilishwa kwa barua moja ni kocha. Basi anabadilishwa. Ni uamuzi wa kiutendaji, kama kubadilisha betri wakati huna uwezo wa kununua gari jingine. Tatizo linaanza pale tunapouvisha uamuzi huo kanzu ya hukumu.

Sisi watu wa Pwani tunajua kafara. Mji ukiingiwa na maradhi, wazee walimzungusha mnyama mitaani kwa dua na ubani, kisha akachinjwa. Lakini hakuna aliyewahi kumsimanga yule mbuzi. Hakuna aliyesema mbuzi ndiye aliyeleta kipindupindu. Aliongozwa kwa upole, na kila mtu alielewa kwamba anabeba kisicho chake, na heshima aliyopewa ilitokana na kuelewa huko. Kafara ya mpira imebaki na kisu, ubani imeupoteza.

Wala si habari ya Mkenya peke yake. Mgunda ni mgosi halisi, alikuwemo kwenye kikosi cha 1988. Miezi miwili baada ya fainali ya Arusha, Simba walimchukua aishike timu iliyoachwa bila kocha. Akaivusha hadi hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, akiwatoa Primeiro de Agosto wa Angola njiani. Januari 2023 akaletwa Mbrazili, Robertinho, na Mgunda akasogea kiti cha pembeni. Aprili 2024 Benchikha alipoondoka, nani akaitwa tena kuzima moto? Mgunda. Kwa hiyo Tanga Mkenya anakuwa mgeni akifungwa, na Dar es Salaam Mtanzania anakuwa mgeni akishinda. Ukocha ndio ugeni wenyewe, na pasipoti ni kisingizio tunachokitafuta baadaye.

Wakala hakukubali. Alisema mtu akilipwa mshahara amelipwa pia na kutukanwa. Nikamuuliza kama mshahara wake yeye unajumuisha matusi ya madereva pale mzigo unapokwama kwa sababu ya mtandao. Akanyamaza kidogo, akasema hiyo ni tofauti, kisha simu yake ikaita. Lori la saruji lilikuwa limefika getini, na karatasi moja ilikuwa imepungua.