Uwekevu Bila Haki si Fadhila

Wazee wetu walituachia methali nyingi za kusifu uwekevu. Haba na haba hujaza kibaba. Akiba haiozi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Katika nyumba nyingi za Wakristo maneno haya hayakubaki mdomoni tu. Ndiyo yaliyosomesha watoto, yakaezeka nyumba bati, yakalipa matibabu ya wagonjwa. Hatuna nia ya kuyapinga. Anayetapanya alichojaliwa na Mungu hana la kujisifia, na jamaa inayokula mbegu zake msimu huu italia njaa msimu ujao.

Lakini leo twapenda kuuliza swali moja ambalo methali hizi haziliulizi. Nyumba inapobana matumizi, ni nani hasa anayebanwa? Kila shilingi inayookolewa imetoka mahali. Imetoka katika sahani ya mtu, au katika mapumziko yake, au katika ujira wake, au katika anasa yake. Mtu huyo ni nani? Kwa maoni yetu, jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama uwekevu wa nyumba ile ni fadhila, au ni dhuluma iliyovikwa nguo ya fadhila.

Kanisa latufundisha fadhila nne zinazobeba maisha mema kama bawaba zinavyobeba mlango: busara, haki, nguvu na kiasi. Uwekevu ni mtoto wa kiasi, na busara ndiyo mlezi wake. Mtakatifu Thoma wa Akwino alieleza ya kuwa fadhila hizi zimefungamana, wala moja haikamiliki pasipo nyingine. Basi kiasi kisicho na haki hakijawa fadhila kamili. Hata mwizi aweza kuwa na kiasi: huamka mapema, halewi, hapotezi hata senti. Hatumwiti mtu mwema kwa sababu hiyo.

Tuanze mezani. Bei ya mafuta ya kula na sukari ikipanda, mama wa nyumba hupunguza kipimo. Ila hapunguzi kila mahali sawasawa. Sahani ya baba haiguswi, kwa kuwa yeye ndiye mtafutaji. Firigisi ya kuku ina mwenyewe, hata kama kuku huyo ni mmoja kwa mwezi mzima. Watoto hupakuliwa kinachobaki, na mwisho mama hukwangua ukoko chunguni, akasema ameshiba. Majirani humsifu kwamba anajua kubana matumizi. Hakuna anayemwuliza amekula nini.

Utafiti wa taifa wa afya uliofanyika mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 42 walikuwa na upungufu wa damu. Na katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, watoto 30 walikuwa wamedumaa. Mikoa iliyotangulia kwa udumavu ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, ile ile inayosifika kwa kuilisha nchi mahindi. Huko Iringa zaidi ya nusu ya watoto hao wadogo walikutwa wamedumaa. Sababu zake ni nyingi, wala hatusemi kwamba kila mtoto aliyedumaa amedhulumiwa na wazazi wake. Kuna maradhi, kuna maji machafu, kuna kazi nyingi za mama shambani, kuna kutojua vyakula vinavyojenga mwili. Hata hivyo hesabu hizi zatufunza jambo moja wazi: ghala kujaa si sawa na kila mmoja kulishwa. Mahindi yaweza kujaa ghalani, maharage na mayai yakapelekwa sokoni, fedha yake ikanunua bati, na mtoto akalala na uji mtupu. Katika daftari, nyumba hiyo imefanikiwa. Katika mwili wa mtoto, imekopa deni ambalo ni vigumu mno kulilipa, kwa maana kimo na akili anachokosa mtoto katika miaka yake miwili ya kwanza harudishiwi chote baadaye.

Watu watatujibu: mama hujinyima kwa hiari yake, na kujinyima ni sadaka. Jibu hili ni la kweli kwa upande mmoja. Mjane wa Injili alitia sarafu zake mbili katika sanduku la hekalu, na Bwana wetu akamsifu kuliko matajiri wote. Lakini tuangalie vema: alitoa kilicho chake, na hakuna aliyekuwa amemzoea hata akakitegemea. Pale ambapo mtu yule yule hujinyima kila siku, na wenzake wamezoea hata hawaoni tena, hiyo si sadaka, imekuwa kodi. Kuijua tofauti si kazi ngumu. Siku moja mama na aseme, "Leo nami nataka kipande cha nyama." Nyumba ikifurahi, alikuwa akitoa sadaka. Nyumba ikinung'unika, alikuwa akitozwa.

Sasa tutoke mezani tuende jikoni na uani, aliko binti au kijana aliyekuja kutoka mkoani kutusaidia kazi. Maisha yakiwa magumu, matumizi mengi hayasubiri. Umeme hukatika usipolipiwa, na mwenye nyumba hudai kodi yake. Ujira wa msaidizi ndio unaosubiri, kwa sababu hana la kutufanya. Huambiwa, "Vumilia mpaka mwezi ujao, kwani hapa si unakula na kulala bure?" Naye huitikia, "Sawa, mama," huku nyumbani kwao mzazi anangoja fedha ya dawa.

Juu ya jambo hili Kanisa halikuwahi kusema kwa kunong'ona. Mtume Yakobo aliandika kwamba kilio cha wavunaji walionyimwa ujira wao kimekwisha kumfikia Mungu. Baba Mtakatifu Leo wa 13, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, aliikumbusha dunia nzima fundisho hilo, na Katekisimu hata leo huhesabu kumdhulumu mfanyakazi ujira wake katika dhambi zinazomlilia Mungu. Shirika la Kazi Duniani nalo, mwaka 2011, lilipitisha mkataba unaotambua ya kuwa wanaofanya kazi za nyumbani ni wafanyakazi kama wengine. Kwa hiyo ujira uliocheleweshwa tusiuite akiba ya nyumba. Ni mkopo ambao hatukuuomba, tena tumeuchukua kwa mtu aliye maskini kuliko sisi.

Hapa kuna hoja nzito ambayo hatupaswi kuipita kwa haraka. Wengi walio na wasaidizi si matajiri. Ni mwalimu, ni muuguzi, ni mama mwenye genge la mboga, ambaye asipopata wa kumwachia mtoto hawezi kwenda kazini. Yeye mwenyewe huenda amecheleweshewa mshahara. Atatoa wapi? Twamwonea huruma kwa dhati. Lakini umaskini wetu hautupi ruhusa ya kutumia kisicho chetu. Asiyeweza kununua gunia la mkaa hununua kopo moja. Hachukui gunia la jirani akasema atalipa Mungu akipenda. Vivyo hivyo asiyeweza kulipa kazi ya mwezi mzima, na anunue ile anayoweza kuilipa: siku tatu za juma badala ya sita. Au nyumba mbili jirani zipatane, mlezi awe mmoja, kila nyumba itoe nusu yake. Na kama shida imekuja ghafla, mwenye nyumba akae na msaidizi wake, amfungulie daftari, wapatane siku ya kulipa, na siku hiyo alipe. Aliyeombwa na kuelezwa ametendewa kama mtu. Aliyenyamaziwa ametendewa kama chombo.

Nje ya nyumba mambo ni hayo hayo. Kwa mama aliyetandika mafungu ya mchicha juani twabishana kwa ajili ya shilingi mia, tukaondoka tumefurahi kwamba tumejua kununua. Jioni ile ile, penye viti na muziki, twalipa tulichotajiwa bila neno. Uwekevu wa namna hii hauogopi gharama. Huogopa aibu tu. Humbana asiyeweza kutuaibisha.

Injili yatuonyesha mtu mmoja aliyesema kwa lugha ya uwekevu. Maria wa Bethania alipompaka Bwana miguu marhamu ya thamani, Yuda Iskariote alilalamika ya kwamba ingaliuzwa kwa dinari 300, fedha wakapewa maskini. Maneno yenyewe yalikuwa mazuri. Mwinjili Yohane ndiye aliyetufunulia ya kuwa msemaji huyo alishika mfuko na kuiba vilivyotiwa humo. Basi si kila anayesema "tusipoteze" anaisema haki. Yafaa tutazame kwanza mkono wake uko wapi.

Nchi yetu nayo ina mfano unaofaa kukumbukwa. Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na moja ya hoja zao ilikuwa kwamba wao watakatwa mapato hali wakubwa wanapokea mishahara minono. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye leo Kanisa lamwita Mtumishi wa Mungu, aliwarudisha makwao. Watu wana maoni mbalimbali juu ya hukumu ile. Lakini hoja yenyewe hakuikwepa: alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wa mawaziri wake pia ukapunguzwa. Alijua ya kuwa mkuu hawezi kumwambia mdogo afunge mkanda wakati wake yeye umelegea.

Twaona kwamba kanuni hiyo yafaa kwa nyumba kama ilivyofaa kwa nchi. Anayekata na aanzie juu. Kwanza ikatwe fahari: suti mpya kwa kila harusi, michango tunayoahidi ili tusionekane wanyonge, na zile sherehe za Komunio ya Kwanza na Kipaimara ambazo maturubai na keki vyake hugharimu ada ya shule ya mtoto yule yule tunayemsherehekea. Sakramenti haiongezewi neema na spika kubwa. Pili zikatwe starehe za mwenye nguvu nyumbani, bia na sigara za baba, na vile mama anavyonunua kwa kuiga wenzake. Tatu yapunguzwe maraha ya wote kwa pamoja, kila mtu akijua sababu. Chakula cha mtoto, afya ya mama na ujira wa msaidizi viguswe mwisho kabisa, na ujira uguswe kwa mapatano tu.

Wala tusisahau ya kuwa maskini hununua kwa bei ya juu kuliko tajiri. Anayenunua mkaa kwa kopo na mafuta kwa kipimo kidogo, mwisho wa mwezi amelipa zaidi ya yule aliyenunua gunia na dumu. Hapa ndipo Jumuiya zetu Ndogo Ndogo zingeweza kufanya zaidi ya kusali rozari pamoja. Nyumba nne zikichanga zikanunua gunia moja la maharage na kugawana kwa kibaba, kila moja imeokoa fedha, na hakuna aliyenyang'anywa kitu. Huo ni uwekevu usio na machozi ya mtu ndani yake.

Bwana wetu mwenyewe hakupenda upotevu. Alipokwisha kulisha watu wapata 5,000 kwa mikate ya shayiri na samaki, aliwaagiza wanafunzi wayakusanye mabaki, nao wakajaza vikapu kumi na viwili. Mara nyingi twatumia habari hii kuwafundisha watoto wasitupe chakula, na twafanya vema. Lakini tuangalie pia utaratibu wake. Kwanza watu wote waliketi. Kisha wote walikula, wakashiba, na watoto wadogo walikuwamo. Ndipo mabaki yakaokotwa. Makombo yale yaliwekwa akiba bila kumpunguzia mtu yeyote tonge lake.

Enyi akina baba na akina mama, mnapofungua daftari mwisho wa mwezi huu, msijumlishe fedha peke yake. Kando ya kila shilingi iliyosalia andikeni jina la aliyeikosa. Mkiona jina ni lenu wenyewe, mshukuruni Mungu kwa moyo aliowapa. Mkiona jina moja linarudi kila mstari, na ni la mdogo au la mnyonge katika nyumba, basi fedha hiyo bado haijawa yenu. Mrudishieni mwenyewe, kisha anzeni hesabu upya.