Karata za Madubwana na Pakiti Iliyofungwa

Tumeulizwa na baadhi ya wazee juu ya karata za Pokémon, ambazo watoto wetu huletewa na jamaa watokao Ulaya na Ghuba: ni halali au ni haramu? Walitaka jibu la neno moja, nalo hatunalo.

Kwanza twapenda kuliondoa lisilo na asili. Mwaka 2001 wanavyuoni wa Saudia walizipiga marufuku karata hizi; katika hoja zao, moja ni kuwa zina kamari, na nyingine ni kuwa zina alama za Kizayuni. Kisha ukaenea uvumi kwamba jina lenyewe ni tusi kwa dini. Jina hilo latoka kwa Wajapani, nalo ni mkato wa maneno yenye maana ya madubwana ya mfukoni, basi. Muislamu ameamrishwa kuihakikisha habari, na mwenye kuharimisha kwa uvumi ajitazame.

Ama hoja ya kamari si uvumi. Karata hizi zilianza kuuzwa Ujapani mwaka 1996. Kila moja ya dubwana ina picha yake, kadiri ya uhai wake na mapigo yake. Lile joka la mabawa liitwalo Charizard, katika toleo la kwanza, lina uhai wa 120, na pigo lake la moto laondoa 100. Mtoto azichezaye hujizoeza hesabu na kupanga. Hapo hatuoni ubaya, maadamu adhana haimpiti. Lakini hazinunuliwi kwa macho. Toleo hilo lilipouzwa Marekani mwaka 1999, pakiti ilikuwa na karata 11, imefungwa, na mnunuzi hajui atatoka na ipi.

Wenye kuzitetea husema: amelipia 11, amepata 11, dhuluma iko wapi? Hoja hii ina nguvu, nasi hatuidharau. Kopo la maziwa nalo limefungwa. Lakini anunuaye kopo ataka maziwa, na maziwa ndiyo yaliyomo. Mtoto hataki karata 11, ataka Charizard. Na mwenye kuzitengeneza alijua hivyo, ndipo akaifanya adimu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataza biashara ya kijiwe, ambayo baadhi ya wanavyuoni wameieleza kuwa ni kukirusha kijiwe, na nguo kitakayoiangukia ndiyo iliyouzwa. Twaona kijiwe kile na pakiti hii ni ndugu, japo si pacha.

Mchezo wa Kimarekani uliotangulia, Magic: The Gathering wa mwaka 1993, ulikuwa na kanuni ya kila mchezaji kuweka karata moja, na mshindi kuzitwaa. Hiyo ni kamari bila ya shaka, na wenyewe waliiacha.

Karata moja ya Pokémon iliyonunuliwa mwaka 2021 kwa dola 5,275,000 hapo kwanza haikuuzwa: ilikuwa zawadi, huko Ujapani, kwa washindi wa mashindano ya kuchora. Ilipatikana kwa ustadi wa mkono.

Basi karata ijulikanayo, ionekanayo, kwa bei iliyokubaliwa, ni biashara kama biashara nyingine. Pakiti iliyofungwa twaichukia, wala hatuthubutu kuiita kamari tupu.

Mzee mmoja hakuridhika. Alitaka tuandike haramu, tusiongeze neno. Tulipokuwa katika kujadiliana simu yake ikalia, akaitazama, uso ukamwanguka: ule waitao mkeka, wa mpira wa usiku ule, ulikuwa umechanika. Tukamwomba arudi kesho, aje na pakiti za mjukuu wake, na simu asiisahau.