Mizani Moja kwa Viongozi Wawili

Reli iliyoanzia Mombasa ikafika Kisumu mwaka 1901 hupita Fort Ternan, na kusini ya kituo hicho ndiko iliko nchi ya chai ya Kericho na Bomet. Sisi watu wa pwani hatuachi kubishana barazani nani alikuwa bora, Jomo Kenyatta au Julius Nyerere. Twaona swali hilo lapimika vyema zaidi huko kwenye chai. Kwani huko kiongozi hapimwi kwa hotuba, hupimwa kwa ardhi.

Zama za Waingereza ardhi nzuri ya huko ilipewa walowezi na makampuni, na mwaka 1934 ukoo wa Talai ukahamishwa kwa nguvu hata Gwassi. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, Kenyatta, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amefungwa na kuzuiliwa karibu miaka tisa, alishika amana ya watu walionyang'anywa. Walowezi wengi walinunuliwa mashamba yao, na wakulima wadogo wakapewa vipande kwa mkopo. Lakini mashamba makubwa ya chai yalibaki kwa makampuni, na wakubwa wa serikali, jamaa zake miongoni mwao, wakajipatia ardhi kubwa, hata huku pwani ambako wenyeji wengi wamekaa kama maskwota juu ya ardhi ya wazee wao. Naye hakuondoka kitini hata alipofariki Mombasa, Agosti 1978.

Nyerere alishika njia nyingine. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kupangisha nyumba, kuwa na hisa na kupokea mishahara miwili. Mwaka 1985 alitoka madarakani kwa hiari yake, akarudi Butiama bila ya utajiri. Hata hivyo tusighilibiwe. Baina ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya wakulima walihamishiwa vijijini, wengi wao kwa nguvu, na pengine nyumba zao zikachomwa moto. Mkulima anayetolewa kwake hapunguziwi machungu kwa kuambiwa kuwa aliyemtoa ni mtu mwadilifu.

Wako wasemao: Kenyatta aliacha nchi yenye biashara, na Nyerere aliacha maduka matupu. Wengine hujibu: Nyerere alikuwa na mikono safi. Kila mmoja hutaja jema la wake na ovu la mwenziwe. Hiyo si mizani, ni ushabiki. Nasi Waislamu tunalo la kwetu: mwaka 1968 East African Muslim Welfare Society ilipigwa marufuku Tanzania. Twalikumbuka kwa uchungu. Lakini uchungu si ruhusa ya kuficha jema la mtu.

Basi mizani na iwe moja, yenye maswali mawili. Alijichukulia nini katika amana? Na aliwatendea vipi wasioweza kumjibu? Katika la kwanza, Nyerere amemshinda Kenyatta kwa mbali. Katika la pili, wote wawili wana deni, kwani wote waliwaweka wapinzani wao kizuizini bila ya hukumu.

Na lau tungewauliza viongozi maswali haya wangali hai, kabla ya majina yao kuandikwa katika viwanja vya ndege, huenda mwenye shamba wa Fort Ternan na mwenye minazi wa Malindi wangalipata haki zao nao wangali hai.