Stara si Maficho

Liko swali moja ambalo watu huliuliza kwa sauti ndogo, au hawaliulizi kabisa. Mtu akipatwa na ugonjwa wa sehemu zile ambazo adabu hutukataza kuzitaja, je, yampasa aseme, au yampasa anyamaze? Na akinyamaza, kunyamaza kwake ni stara, au ni uongo? Twalileta swali hili kwa ajili ya ugonjwa mmoja wa matumbo, ambao zamani waganga wengi walidhani ni wa Ulaya na Marekani tu, nao sasa waonekana katika nchi zetu pia.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Mwili wa mwanadamu una askari wake wa kupigana na vijidudu. Kwa mgonjwa huyu askari hao huyageukia matumbo yake mwenyewe kana kwamba ni adui, nayo huvimba, huchubuka na kutoka damu. Ziko namna mbili zilizo kubwa. Ya kwanza hukaa katika utumbo mpana, nayo yaitwa kolaitisi ya vidonda. Tabibu Samuel Wilks wa London aliandika habari zake mwaka 1859. Ya pili yaweza kushika mahali po pote katika njia ya chakula, tangu kinywani hata mwisho wake, nayo yaitwa ugonjwa wa Crohn, kwa jina la Burrill Crohn wa New York, ambaye pamoja na wenzake Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer aliueleza mwaka 1932. Dalili zake ni kuendesha kwa majuma mengi, damu chooni, maumivu ya tumbo, homa, kukonda na kuchoka.

Asili yake yote haijajulikana, ila yajulikana kwamba sehemu moja yatoka katika ukoo, na nyingine katika mazingira ya maisha. Hauambukizi kwa kula pamoja, wala kwa kulala pamoja, wala kwa kushika mkono. Hauletwi na uchawi. Dawa ziko: ile ya sulfasalazini, ambayo mganga mwanamke wa Sweden, Nanna Svartz, aliianzisha kwa ajili ya maumivu ya viungo kisha akaona yawafaa wenye matumbo, na nyingine zilizofuata. Dawa hizi haziung'oi ugonjwa, bali huutuliza, hata mtu akakaa miezi au miaka bila dalili. Kisha huweza kuamka tena. Basi aliyeambiwa leo kwamba anao, ameambiwa habari ya maisha yake yote.

Sasa tumfikirie mtu wa Mji Mkongwe aliyepatwa na jambo hili. Hatumtaji jina, maana yaweza kuwa ye yote kati yetu. Alipoona damu mara ya kwanza, watu wa nyumbani walimwambia ni tumbo la kuhara damu, au amiba, au minyoo. Na kwa watu wengi huwa ni kweli. Hata mganga aliye hodari huanza kuyatafuta hayo, naye afanya vema. Tena kifua kikuu chaweza kushika matumbo kikafanana sana na ugonjwa wa Crohn, na dawa za kuwatuliza wale askari wa mwili zaweza kumdhuru mwenye kifua kikuu. Kwa hiyo hapana njia ya mkato. Choo hupimwa, damu hupimwa, na mwisho mpira mwembamba wenye taa hupitishwa kwa njia ya haja kubwa, ili mganga aone matumbo kwa macho na kukata kipande kidogo cha kupima. Wengine huanzia Hospitali ya Mnazi Mmoja, kisha huvuka bahari kwenda Muhimbili, Dar es Salaam. Boti ya kasi yachukua kama saa mbili. Kwa mtu anayetafuta choo kila nusu saa, safari hiyo ni ndefu kuliko ile ya Bara yote.

Mtu huyu alelewa katika mji unaoheshimu stara kuliko dhahabu. Tangu utoto amefundishwa kwamba mambo ya chooni hayasemwi mbele ya watu. Basi hujikalia kimya. Huacha kwenda arusini, kwa kuwa hajui choo ki wapi. Wakila pamoja katika sinia, humega kidogo, na watu humwuliza, “Mbona huli?” Akikonda, minong'ono huanza barazani: mmoja asema amerogwa, mwingine asema ana ukimwi. Mwezi wa Ramadhani majirani wetu Waislamu hupata jaribu jingine. Sheria yao yenyewe humpa mgonjwa ruhusa ya kula. Lakini wako waogopao kuonekana wakila mchana, kwa kuwa wataulizwa sababu, basi hufunga na kuacha dawa bila kumwuliza mganga. Hivyo ulimi uliofungwa kwa ajili ya heshima huwa chanzo cha damu nyingine.

Je, hiyo ni stara? Twasema sivyo. Wazee waliojenga nyumba za mawe za mji ule walijua kupanga mambo haya. Nje pana baraza, na kila apitaye aweza kuketi na kuzungumza. Ukipita mlangoni pana mahali pa kumpokea mgeni. Ndani zaidi ni vyumba vya jamaa, na mgeni hafiki huko. Walijenga kuta nene, lakini hakuna aliyejenga nyumba isiyo na mlango. Stara ni kujua nani aingie chumba gani. Maficho ni kuziba mlango hata mwenyewe asiweze kutoka, wala msaidizi asiweze kuingia. Na methali yetu yatuonya: mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Basi ni nani aambiwe, naye aambiwe nini? Kipimo ni hiki: kila mtu apewe neno kwa kadiri ya yale yampasayo. Mwenye kipindupindu hana ruhusa ya kunyamaza, kwa sababu kunyamaza kwake kwaweza kuwaua majirani. Lakini ugonjwa huu haumdhuru jirani. Kwa hiyo mji hauna haki ya kudai habari zake, naye asiyewaeleza watu wa barazani hakutenda kosa lo lote. Akiulizwa, aweza kusema, “Tumbo langu halipendi chakula hiki,” na neno hilo ni kweli tupu.

Mganga aambiwe yote, bila kupunguza: ni mara ngapi, damu kiasi gani, ni dawa zipi za dukani au za miti shamba zilizonywewa. Maana dawa nyingine za maumivu, kama diklofenaki na ibuprofeni, huweza kuuamsha ugonjwa huu. Na asiyesema kwamba alizimeza amemfunga mganga macho.

Mume au mke aambiwe, kwa kuwa mwili, mfuko na watoto ni vya wote wawili. Anayeposa au kuposwa amwambie yule atakayeishi naye, kabla ya ndoa. Si ukoo mzima, bali yeye. Hapa ndipo penye uchungu, maana posa yaweza kuvunjika. Walakini ndoa iliyosimama juu ya jambo lililofichwa huvunjika baadaye, na kwa maumivu makubwa zaidi. Naye mkubwa wa kazi aambiwe yale yahusuyo kazi tu: kwamba mtu huyu ahitaji kutoka mara kwa mara, na siku nyingine ahitaji kupumzika.

Mwingine atasema: “Adabu haitaki maneno haya hata kwa rafiki.” Sisi Walutheri tunao mfano wa kumjibu. Mwaka 1521 Martin Luther alifichwa katika ngome ya Wartburg, naye huko aliteswa na tumbo. Ugonjwa wake haukuwa huu tunaoutaja. Shida yake ilikuwa kufunga choo. Katika barua zake kwa Melanchthon na Spalatin aliyaeleza mateso hayo waziwazi, wala hakuyapamba. Spalatin akampelekea dawa, akapata nafuu. Tazameni: hakuwaandikia watu wote, aliwaandikia rafiki, na kwa sababu alisema, dawa ilimfikia. Heshima yake haikupungua kwa hayo.

Lakini tusimtwike mgonjwa mzigo huu peke yake. Anaogopa kusema kwa kuwa ametuona tunavyofanya. Mara ngapi siri iliyosemwa asubuhi chumbani imefika Darajani kabla ya adhuhuri? Neno aliloambiwa mtu kwa imani ni amana, kama fedha iliyowekwa mkononi mwake. Akilitoa bila idhini ya mwenyewe, ameiba. Wala asijidanganye kwamba amelitoa “ili watu wamwombee.” Ahitajiye maombi ataomba aombewe.

Tena tujifunze kusikiliza bila kutibu. Mgonjwa akimaliza kusema, mmoja humletea mizizi, wa pili humpa habari za jamaa aliyekufa, wa tatu humwuliza amemkosea nani. Hayo yote humfundisha kunyamaza mara ya pili. Afadhali kumwuliza neno moja tu: “Nikusaidieje?” Labda atataka mtu wa kumsindikiza botini. Labda atataka mahali karibu na mlango wa nyuma, kanisani au mkutanoni, apate kutoka bila macho ya watu kumfuata. Nanyi walimu wa dini na wazee mnaoandaa mikutano, hakikisheni kwamba choo kipo, kina maji, na hakikufungwa kwa kufuli. Jambo hili ni dogo machoni pa mwenye afya, lakini kwa mwingine ndilo lililomzuia nyumbani mwaka mzima.

Na wewe ndugu, uliyeambiwa juzi habari hii, nawe wasoma maneno haya peke yako, sikiliza. Huzuni yako ni haki yako, usiikimbilie kuimaliza. Umepoteza kitu cha kweli, yaani mwili usioufikiria. Lakini usifanye mambo haya matatu. Usiache dawa kwa sababu umepata nafuu, maana mara nyingi nafuu hiyo imeletwa na dawa yenyewe. Na prednisoloni hasa haiachwi ghafula, hupunguzwa kidogo kidogo kwa amri ya mganga. Usitafute kosa katika kila chakula ulichokula na kila neno ulilonena. Pilipili ya urojo yaweza kukuumiza siku ya ugonjwa, lakini siyo iliyouleta. Tena usikae peke yako na siri hii. Chagua mtu mmoja, mwenye kinywa kizito na moyo mwepesi, umwambie yote hata mwisho.

Huenda ukachagua vibaya. Watu ni watu. Hatuwezi kukuahidi kwamba kila utakayemwambia atakuwa mwaminifu. Lakini hasara ya siri iliyovuja ni aibu, nayo hupita. Hasara ya ugonjwa uliofichwa ni mwili wenyewe. Mwenye akili akipewa hasara mbili achague, huchagua ile iwezayo kupona. Siri ya mtungi aijuaye kata. Nawe utafute kata yako, kabla mtungi haujakauka.