Je, Ni Pumzi Tu?

JUMATANO

Soma Zaburi 136, 1 Wafalme 18:26–29, Mathayo 6:7, 26:44.

Kutoka Gerezani hadi Mtaa wa Kisutu, penye mahekalu ya Wahindu, ni mwendo wa miguu. Kwa majirani zetu hao neno "Om" ni takatifu. Siku hizi husikika pia katika madarasa ya yoga, na fundi cherehani wa Kariakoo aliyekwenda kutibu mgongo huambiwa, "Litamke tu, ni pumzi."

Lakini Patanjali, ambaye mafundisho yake ni nguzo ya yoga, alieleza kwamba neno hilo humtaja Ishvara, yaani Bwana, na kwamba lirudiwe huku maana yake ikitafakariwa. Kwa wenye nalo, basi, ni ibada. Kuligeuza zoezi la mapafu ni kuichezea ibada ya jirani, na kuuacha ulimi umwite bwana ambaye moyo haumfuati. Kunyoosha mgongo ni jambo jingine. Fundi na anyooshe.

Tusikimbilie kusema kosa ni kurudia. Zaburi 136 ina kiitikio kimoja, mara 26. Yesu katika Gethsemane aliomba mara ya tatu kwa maneno yale yale. Manabii wa Baali nao walirudia tangu asubuhi, wakaongeza sauti, kana kwamba mbingu hufunguliwa kwa kelele. Na "Haleluya" zetu, zile tunazozitoa macho yakiwa kwenye saa?

Jadilini: Wenzake wanapoitamka "Om," inatosha fundi anyamaze, au atoke? Mwalimu wake akiuliza sababu, amjibuje pasipo kumdharau?